Chupa Kumi na Tisa za Panzi

Jumatatu, 3 Machi 2025

Siku ya tisa bila Nyamizi. Nyumba imekuwa kubwa ghafla. Nimesonga ugali, umetoka na madonge. Nimekula madonge.

Kwa faida ya watakaosoma daftari hili nikishakuwa mtu mkubwa: mimi ni Januarius Ngeleja, miaka arobaini na mmoja, mkazi wa Bariadi mjini, dalali mstaafu wa mnada wa ng'ombe. Mstaafu kwa hiari. Watakaosema nilifukuzwa kwa sababu nilimnadi mtamba mwenye mimba kumbe ni maksai, wapuuzwe. Siku ile kulikuwa na vumbi.

Nyamizi ni mke wangu. Amekwenda kwao Ngulyati kwa ajili ya cherehani. Sikuiuza! Nilibadilishana na mashine ya kutotolesha vifaranga. Tuliweka mayai tisini. Moto wa mashine ulizidi kidogo. Siku ya tatu yalikuwa yameiva. Tulikula mayai ya kuchemsha asubuhi, mchana na jioni, na siku ya kumi akakunja kanga zake akatia kwenye begi. Hakugomba. Bora angegomba! Alisema tu kwamba amechoka na mipango, na atarudi siku atakayosikia nina kazi yenye bosi. Bosi wa kuniuliza nilikuwa wapi.

Na leo, kwenye ubao wa ofisi ya kata, tangazo! Mtafiti wa chuo kikuu, Dkt. Wilhelmina, anatafuta msaidizi mmoja kwa miaka miwili. Kukusanya panzi na kuwapanga. Panzi! Mimi niliyezaliwa kwenye nyasi! Mtafiti ni bosi au si bosi? Ni bosi.

Tulifika watu kumi na wawili kwenye baraza ya gesti alikofikia. Mzee mmoja alidhani ni daktari wa magoti. Waliposikia ni panzi, wakaondoka mmoja mmoja huku wanacheka. Tukabaki wawili. Mimi na Deogratias. Huyu anajitolea kufundisha baiolojia sekondari, ana kalamu nne mfukoni na lenzi yake mwenyewe shingoni, imening'inia kama rozari. Simpendi.

Daktari akaeleza. Si panzi wowote, anataka panzi vibete. Wakubwa wao hawazidi punje chache za mchele ukizipanga. Wanakaa kwenye tope kando ya maji, wanakula utando wa kijani, hawagusi mazao ya mtu. Alama yao kubwa ni ngao ya mgongoni. Panzi wa kawaida ngao yake inaishia shingoni, kama kola ya shati. Panzi kibete ngao yake inashuka mgongo mzima mpaka mkiani. Yaani amevaa koti. Tuna siku kumi na mbili. Jumamosi ya tarehe kumi na tano kila mmoja alete panzi wake, kila aina chupa yake. Atakayepanga vizuri ndiye atachukuliwa. Si atakayeleta wengi, alirudia hilo mara mbili. Kisha akaongea sana kuhusu mabega na migongo, lakini hapo nilikuwa nahesabu kalamu za Deogratias.

Kupanga! Miaka kumi na minne mnadani nilikuwa nikiona ngozi ya ng'ombe nataja mpaka zizi alikotoka. Nyamizi, anza kukunja kanga zako.

Jumanne, 4 Machi

Mafanikio makubwa. Nimekamata panzi sitini na watatu kabla ya saa nne, nyuma ya uwanja wa mpira. Wote wadogo. Wote wa kijani. Nimewatia kwenye ndoo, nikafunika na chandarua, nikampelekea Daktari nikiwa nimechomekea shati.

Deogratias alikuwa ameleta wanne. WANNE! Nikamuonea huruma kwa sauti.

Daktari akachungulia ndoo. Akanipa lenzi nitazame mwenyewe, akaniuliza ninaona koti au kola. Nikatazama wa kwanza. Kola. Wa pili, kola. Nikatazama mpaka wa kumi na nane, maana niliona aibu kusimama. Kola tupu. Akasema kwa upole kwamba hawa ni watoto wa panzi wa kawaida, bado hawajaota mabawa, wakikua watakuwa panzi wakubwa tu kama wengine. Yaani nimebeba chekechea nzima.

Nimewarudisha nyuma ya uwanja wa mpira. Wawili walikataa kutoka kwenye ndoo. Walau wao wamenizoea.

Jumatano ya Majivu, 5 Machi

Nimepakwa majivu. Padri kauliza kila mtu ataacha nini Kwaresima hii. Wengine wameacha soda, wengine nyama. Mimi nimeacha mipango. Siku arobaini bila mpango hata mmoja. Nimejisikia mwepesi sana, nikatembea mpaka nyumbani nikiimba.

Saa nane mchana nikakumbuka kitu. Tope. Maji. Utando wa kijani. Majaruba ya mpunga! Na majaruba mazuri kuliko yote ninayoyajua ni ya baba mkwe, Mzee Mayige, kule Ngulyati.

Tatizo. Mwanaume ambaye mkewe amerudi kwao haendi ukweni hivi hivi kama anakwenda gengeni. Anatuma wazee. Wazee wanakwenda, wanakaa, wanasemwa, wanakunywa maji, wanasemwa tena. Inachukua mwezi. Mimi nina siku kumi.

Nitaingia kwa nyuma, kupitia kijito, bila kuonekana. Huu si mpango. Huu ni utafiti.

Alhamisi, 6 Machi

Yesu na Maria!

Nimefika Ngulyati kwa bodaboda saa moja asubuhi, nimevaa shati la drafti na kofia ya pama ili nisijulikane. Nikavuka kijito. Nikaingia kwenye jaruba la kwanza na chujio langu la chai. Kimya. Safi. Nikasikia wanawake wanakuja kupalilia, wanaimba. Anayeongoza wimbo ni mama mkwe wangu, Philomena.

Sasa kwa msomaji ambaye si wa kwetu: Usukumani mama mkwe hatazamwi usoni. Mkikutana njiani, wewe unaacha njia. Unaingia kichakani, unageuka upande, naye anajifunika kanga na kupita. Hiyo ndiyo heshima, na mimi kwa heshima sina mpinzani. Lakini jaruba halina kichaka! Mpunga wenyewe ulikuwa unanifikia magotini.

Nikalala. Kifudifudi, kwenye tope, kidevu juu ya tuta. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami sikuinama, nililala kabisa.

Na hapo, sentimita tano kutoka puani, nikamwona. Mdogo. Rangi ya tope lenyewe. Nikadhani ni kipande cha udongo mpaka kilipokunja mguu. Nikamtazama mgongoni. KOTI! Koti refu, mpaka chini, limembana vizuri kuliko suti ya bwana harusi. Pembeni yake mwingine mweusi. Mwingine wa kijivu. Mmoja akaruka majini, nikasema huyo kafa, akaogelea! Akapiga mateke mpaka ng'ambo, akapanda, akajifuta uso. Nilitaka kupiga makofi.

Saa mbili nzima nimelala pale. Nimenasa kumi na moja kwa chujio, mkono mmoja, bila kuinua kichwa.

Wanawake wakapumzika karibu yangu, wakala michembe, vile viazi vitamu vya kukausha. Nikasikia sauti ya Nyamizi. Siku kumi na mbili sijaisikia sauti ile. Mtu mmoja akamuuliza kama ataolewa kwingine. Akacheka, akasema Januarius si mtu mbaya, ila kichwa chake hakina mlango. Kila wazo linaingia, na likitoka linatoka na kitu cha ndani ya nyumba. Wote wakacheka. Mimi pia nilitaka kucheka, ila macho yakanilowa. Mwanamke huyu ananijua! Nilitamani kusimama pale pale nimwambie turudi. Lakini mama mkwe alikuwa amekaa hatua tatu.

Walipoondoka, mama mkwe akapita wa mwisho, juu ya tuta langu. Kanga usoni, kichwa ameelekeza upande mwingine kabisa. Akasema, kama anaongea na upepo, kwamba mwaka huu kambale wa Ngulyati wamekuwa wakubwa, na wanavaa mashati ya drafti.

Nimerudi Bariadi kwa miguu. Bodaboda wote walikataa tope.

Ijumaa, 7 Machi

Nimewapanga. Ni kazi ya nusu saa kwa mtu anayejua mifugo. Mweusi tii, chupa yake. Mweusi mwenye paji jeupe, chupa yake. Kijivu. Kahawia. Kahawia mwenye mstari mweupe mgongoni. Wa madoa. Mwekundu wa matofali. Panzi kumi na mmoja, aina TISA. Chupa ni za dawa ya kikohozi, nimezikusanya kwa majirani.

Kila aina nimeipa jina. Ile nzuri kuliko zote, kijivu yenye mstari wa maziwa, nimeiita Nyamizi.

Nilipita kwa Deogratias kumsabahi tu. Ana aina mbili. Anawapima kwa rula! Anawageuza, anachora, anafuta. Nikamwuliza kama huwa anapima pia ng'ombe kwa rula. Akasema kwa adabu kwamba anaangalia umbo, rangi inaweza kudanganya. Maskini. Kitabu kimemharibu.

Jumamosi, 8 Machi

Nimemwambia Deogratias, kwa moyo wa udugu, kwamba panzi vibete wengi wako juu ya kile kilima kikavu upande wa magharibi, kwenye mawe. Hakuna kitu kule. Kuna jua na miiba. Huu haukuwa mpango, ulikuwa ushauri.

Ameondoka na baiskeli saa tatu.

Saa kumi amerudi ametota mwili mzima, anacheka peke yake. Kumbe njiani ng'ombe walimsukuma akatumbukia kwenye lambo, na pembezoni mwa lambo akakuta panzi vibete kama mvua. Amenasa ishirini na sita. Akaja kunishukuru! Akanishika mkono kwa mikono miwili, akasema bila mimi asingepita njia ile. Akaniachia na tikiti maji.

Simpendi kabisa. Tikiti lilikuwa tamu.

Jumapili, 9 Machi

Padri amehubiri juu ya majaribu jangwani. Alinitazama. Nadhani alinitazama.

Nahitaji panzi zaidi, na kwenye lile jaruba sirudi, kambale mkubwa wa drafti anajulikana. Nimefikiri sana. Nikampigia Nyamizi. Hakupokea. Nikamwandikia ujumbe. Nilianza "Mke wangu nisamehe", nikaufuta, nikaandika: "Hapo kwenye majaruba yenu kuna panzi wadogo wenye koti. Nahitaji wengi kabla ya Jumatano. Ni kazi. Ina bosi."

Dakika moja tu akapiga! Nilisimama kupokea. Hakuuliza nimekula nini. Aliuliza panzi gani, wale wa kwenye utando? Akasema anawajua tangu utotoni, walikuwa wakishindanisha nani ana panzi anayeogelea haraka. Nikamweleza namna ya kuwagawa: mweusi huku, kijivu kule. Akanikatiza. Akasema hapana, mweusi na wa kijivu huwa anawakuta wamepandana, basi hao ni ukoo mmoja. Akaniuliza, mimi niliyekuwa dalali: ng'ombe mweusi akizaa ndama mwekundu, ndama huyo ni mbuzi?

Nikamwambia hii ni sayansi, si zizi. Akasema sawa, atawaleta.

Tumeongea dakika kumi na moja. Muda wangu wa maongezi umekwisha na sijali.

Jumanne, 11 Machi

Bodaboda ameleta kopo kutoka Ngulyati. Ndani yake makopo matatu madogo ya mafuta ya mgando, yametobolewa matundu, na panzi arobaini na nne hai! Pamoja na kipande cha karatasi, mwandiko wa Nyamizi, ule unaolala upande:

"Kopo la 1: wenye miiba mabegani. Hawa ndio waogeleaji. Kopo la 2: wenye mgongo uliopanda juu kama tuta. Kopo la 3: mgongo bapa, mabega ya duara. Hawa wengine wana koti refu na wengine fupi lakini wanapandana, ni wamoja. Usiwachanganye. Umekula?"

Nimesoma neno la mwisho mara nyingi.

Kisha nikafungua makopo. Vurugu! Kopo moja lina mweusi, kijivu, kahawia na wa madoa, wote pamoja kama abiria wa mnada. Maskini mke wangu, amejitahidi, lakini hajasomea. Sikutaka kumvunja moyo, hivyo sitamwambia. Nimekaa mpaka jioni nawarekebisha kwa rangi. Karatasi yake nimeikunja nikaitia chini ya boksi la chupa, nisiipoteze.

Aina kumi na nane!

Alhamisi, 13 Machi

Kumi na nane si namba ya kushinda. Kumi na tisa inasikika vizuri zaidi. Na inakosekana aina moja kubwa, dume la kuongoza zizi, nzagamba wa panzi vibete wote. Aina yenye jina langu.

Nimemchukua kahawia mmoja mnene. Nimeazima maka peni nyekundu kwa mtoto wa jirani. Mistari miwili tu ubavuni na nukta kwenye paji. Alitulia kabisa, nadhani alielewa heshima aliyopewa. Kwenye chupa nimeandika JANUARIUS.

Kwaresima? Nimejiuliza. Niliapa kuacha mipango. Hii ni sanaa.

Jumamosi, 15 Machi

Nitaandika yote.

Baraza ya gesti, saa tatu. Deogratias kapanga chupa zake NNE. Nne! Mimi nikapanga kumi na tisa, zikamaliza meza, mbili nikaziweka kwenye kiti. Nilivaa suti ya ndoa. Moyoni nilikuwa tayari Ngulyati, napokea begi la Nyamizi.

Daktari akaanza kwa Deogratias. Akatazama kwa lenzi, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akasema kazi nzuri sana, ila mbili kati ya nne ni aina moja. Amewatenga wenye koti refu na wenye koti fupi, na koti la ukoo mmoja huweza kuwa refu au fupi.

Kisha kwangu. Akamimina spiriti kidogo kwenye kila chupa, ili watulie atazame vizuri. Ya kwanza. Ya pili. Ya tano. Akaanza kuzisogeza, hii hapa, hii kule, hii hapa tena. Nilidhani anazipanga kwa uzuri. Akafika ya kumi na tisa, akamimina. Spiriti ikawa nyekundu. Nyekundu kama juisi ya rozela! Wino ukamtoka JANUARIUS mwili mzima mbele ya watu, akabaki kahawia, mnyonge, uchi.

Hakuna aliyecheka. Hata Deogratias! Angecheka ningejua pa kuweka uso.

Daktari akasema, polepole, kwamba chupa zangu kumi na tisa zina aina tatu tu. Panzi hawa huzaliwa rangi zote. Rangi haisemi ukoo. Nimetawanya familia moja kwenye chupa saba. Nikatazama chini. Niliona viatu vyangu vya ndoa. Nikajua kwamba Nyamizi harudi. Sikuwaza kazi, sikuwaza jina. Niliwaza ule ugali wa madonge, miaka na miaka.

Nikaanza kurudisha chupa kwenye boksi. Karatasi ikadondoka. Daktari akaiokota, akaisoma. Akasoma tena. Akazitazama chupa alizozisogeza: ameziweka mafungu matatu. Wenye miiba. Wenye tuta. Wenye mgongo bapa. Akauliza nani ameandika hii.

Sasa sikiliza, ewe utakayesoma daftari hili. Mlango ulikuwa wazi! Mwandiko wa Nyamizi yeye haujui. Neno moja tu, "mimi", na ningesema zile rangi zilikuwa majaribio. Mpango ulinijia wote, na mwanzo na mwisho, mzuri kuliko mipango yote niliyowahi kuwa nayo. Nikafungua mdomo.

Mdomo ukasema ni mke wangu. Ukaendelea wenyewe. Ukasema anaitwa Nyamizi binti Mayige, yuko Ngulyati, alinikataza nisiwachanganye nami nikawachanganya, na ndiye aliyewaona wakipandana, na alisema ng'ombe mweusi akizaa ndama mwekundu, ndama huyo si mbuzi. Sijui kwa nini. Nadhani ni lile neno la mwisho la karatasi. Mtu aliyekuuliza umekula huwezi kumwibia.

Daktari akacheka kwa mara ya kwanza tangu afike Bariadi. Akasema kuna watu wamesoma miaka saba kabla ya kujua hilo la koti refu na fupi. Akaomba namba ya simu. Akapiga pale pale. Deogratias akanishika bega, akasema kusema kweli mbele ya watu ni kazi ngumu. Akaomba ainakili ile karatasi akawafundishie wanafunzi wake. Hata hasira hana! Mtu wa namna hii utamfanya nini?

Nimerudi nyumbani kwa njia ya nyuma. Kazi ameipata Nyamizi.

Jumapili, 16 Machi

AMERUDI!

Saa kumi jioni, bodaboda, begi, kanga zote. Mzee Mayige kamsindikiza mwenyewe. Mwangaluka baba, nikamwamkia kwa kuchanganyikiwa, salamu ya asubuhi, na ilikuwa jioni. Akanitazama muda mrefu. Akasema amesikia kwamba nilisema ukweli, akataka kuja kuona kama ninaumwa. Wazee hawakutumwa wala nini. Akasema panzi wametosha kuwa wazee.

Nyamizi akaingia jikoni, akachungulia sufuria, akatoka. Akaeleza. Daktari amemwajiri kwa miaka miwili. Kazi yenyewe ni ya majaruba na malambo ya hapa hapa, na anatakiwa achague kibarua wa kubeba chupa na kuingia kwenye tope. Akasema anamfahamu mtu mmoja anayeweza kulala kwenye tope saa mbili bila kujitikisa.

Kwa hiyo, rasmi: nina kazi. Yenye bosi. Bosi amekwisha kuniuliza nilikuwa wapi. Masharti yake ni mawili. Sigusi lebo. Sishiki maka peni.

Mama mkwe ametuma gunia dogo la michembe. Mzee Mayige kaliweka chini, akasema ameagizwa lipewe kambale.

Usiku nimekula ugali laini kama pamba. Nimelia kidogo, nikasema ni moshi. Nyamizi akasema jiko ni la gesi.

Jumatano, 19 Machi

Sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, msimamizi wa wafanyakazi. Mimi ni mfanyakazi! Siku tatu sasa nabeba chupa nyuma ya mke wangu. Leo tumefika mpaka majaruba ya mbali. Anapiga magoti, anatazama mabega, ananyoosha mkono bila kugeuka, nami natia chupa mkononi. Hatusemi sana. Sijawahi kuwa na siku nzuri kama hizi, nasema kweli.

Nimejifunza mengi. Kwanza, kwamba mpango wangu tangu mwanzo ulikuwa sahihi: nilitaka Nyamizi arudi, amerudi. Zile chupa kumi na tisa ndizo zilizofanya karatasi ionekane. Ningepanga vizuri, Daktari angeuliza nini?

Leo jioni Nyamizi alilalamika mgongo. Kuinama kutwa nzima kutafuta panzi mmoja mmoja, si haki. Akaenda kulala mapema. Nikawa nawaza. Majike hutaga kwenye tope. Leo nimerudi na tope la kutosha kwenye ndoo, yeye amedhani ni la kuziba ukuta. Kwa nini tuwafuate panzi majarubani, wakati tunaweza kuwazalisha hapa hapa nyumbani, wa rangi zote, kwa mamia?

Ile mashine ya vifaranga ilikuwa bado uvunguni. Nimeifuta vumbi. Nimetandaza tope ndani, vizuri, kama kitanda cha mgeni. Nimewasha.

Safari hii moto nimeupunguza kidogo. Huu si mpango. Ni zawadi.

Nasikia harufu ya kitu kinaiva.